Kaye ya mwindaji: namna wawindaji wanaweza kulinda wanyama wa pori



Somo la mara hii si juu ya mihogo wala mpunga. Ni juu ya wawindaji. Mara mingi tukifika kijijini, wao wanakaa nyuma ao hawafiki kabisa, wanafikiri tunawatafuta. Kosa ni letu pia. Miaka ya kwanza ya kazi tulikuwa tunafundisha kama vile mwindaji ni mwizi tu wa pori. Leo tunasema kingine: bila mwindaji, kijiji hakiwezi kujua kama wanyama wanabaki ao wanaisha.

Mwindaji anajua nini?

Anajua urefu wa njia. Kama baba yake alitega nyuma ya shamba, na yeye leo anatembea siku nzima ndipo apate mboloko moja, pori ya karibu imekwisha kuwa tupu. Alama ingine iko ndani ya kitunga: wanyama wakubwa wanapotea kwanza, kisha mboloko, mwishowe zinabaki panya tu.

Hesabu ya kuzaa

Munajua wenyewe: ukichinja kuku majike yote, hakuna tena mayai. Pori ni vilevile, lakini kila mnyama ana hesabu yake.

- Simbilisi, yule panya mkubwa wa majani, anazaa watoto 4 hivi kwa mimba moja, na anaweza kuzaa mara 2 kwa mwaka.
- Mboloko anazaa mtoto 1 tu kwa mimba moja.
- Okapi anabeba mimba zaidi ya miezi 14 kwa mtoto 1.
- Sokomutu anakaa karibu miaka 5 mbele ya kuzaa tena.

Basi tutege wapi? Kwanza pembeni ya shamba. Simbilisi anakula mahindi, mpunga na mihogo yetu. Ukimpata pale, umeokoa mavuno, umepata mboga ya watoto, na pori ya ndani imepumzika.

Waya na wavu

Mutego wa waya ya chuma hauchagui, tena hauozi kama kamba ya pori. Mwenyewe akienda soko siku 4, waya inaendelea kuua, na nyama inaoza bure. Wambuti wa Ituri wakiwinda na wavu, watu wako palepale: jike mwenye mimba anaweza kuachiliwa. Lakini hata wavu unamaliza pori kama kila siku mchuuzi anangoja barabarani.

Sheria inasema nini?

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28/5/1982 inasema kuna kipindi ambapo uwindaji unafungwa. Gavana wa jimbo ndiye anakipanga. Kuna pia wanyama wasiouawa wakati wowote: okapi na sokomutu ni kati yao. Ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, kuna kanuni zingine tena. Ulizeni ofisi ya mazingira mbele ya kutega.

Tusichanganye mwindaji wa kijiji na wenye bunduki za vita. Mwaka 2012 kundi lenye silaha, lililokuwa linaua tembo, lilishambulia Epulu. Watu waliuawa, na okapi waliotunzwa pale pia.

Koperative ifanye nini?

1. Kila mwindaji awe na kaye. Aandike: tarehe, mnyama, dume ao jike, saa alizotembea. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake. Kisha miezi 6 tukae pamoja: kama saa zinaongezeka kwa kila mnyama, tupunguze.
2. Tuchague fasi ya kupumzika, kwa mfano bonde la kijito kimoja, pamoja na wazee na Wambuti. Pale hakuna kutega. Wanyama watazaa na kutoka kuingia pori ya kando.
3. Mitego ichunguliwe kila siku. Ukisafiri, ondoa waya yote.
4. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe wala kuliwa, juu ya Ebola na mpox. Mwindaji amwambie muganga wa kituo cha afya siku ileile.
5. Sanduku la koperative likopeshe mwindaji mwezi wa 9. Juu ya nini? Kwa sababu mara mingi ni minervali ya watoto inayomsukuma kuua sana kwa kuuza. Kanuni bila msaada huu itabaki maneno tu.

Maswali ya kujadili

Mwaka uliopita mulitembea saa ngapi kupata mboloko? Na wazee wenu? Ni mnyama gani watoto wenu wanajua jina lake tu, hawajamuona?

Jibu likiwa chungu, musilifiche. Liandikeni katika ukurasa wa kwanza wa kaye.