SOMO LA WIKI: Chipu moja yaweza kuangusha hisa

Mwekezaji anayepima kampuni ya vyombo vya elektroniki huuliza mauzo na faida. Ni nadra kuuliza swali la fundi: kipuri hiki kikiadimika sokoni, chombo kitaundwa kwa kipi kingine?

Machi 17, 2000, radi ilisababisha moto katika kiwanda cha chipu cha Philips mjini Albuquerque, Marekani. Moto ulizimwa kwa dakika kumi hivi, lakini moshi na maji vilichafua vyumba ambavyo havitakiwi kuingia hata chembe ya vumbi. Wateja wakubwa wa kiwanda hicho walikuwa Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden, wote waundaji wa simu za mkononi.

Nokia ilishtuka mapema. Wahandisi wake walibadili usanifu wa baadhi ya chipu ili zitengenezwe kwingineko, hata na washindani wa Philips. Ericsson, iliyokuwa imepunguza wauzaji ili kubana gharama, haikuwa na mlango wa pili. Mauzo yaliyopotea yalitajwa kufikia dola milioni 400. Moto haukuwa tatizo lake pekee, lakini Oktoba 2001 biashara yake ya simu iliunganishwa na ya Sony.

Mlango wa pili huwekwa kwenye mchoro, si bohari. Kubadili chipu si kama kubadili betri ya tochi: kila moja ina mpangilio wake wa miguu, volti zake na programu yake. Msanifu mwangalifu huchagua chipu ambayo miguu yake inalingana na ya mtengenezaji mwingine, au huacha nafasi ya aina mbili kwenye ubao. Programu nayo huiandika kwa namna ambayo sehemu inayozungumza na chipu inaweza kubadilishwa peke yake. Majaribio huwa mara mbili, na gharama hiyo ndiyo wahasibu hupenda kuifyeka kwanza.

Katika uhaba wa 2021, Tesla iliwaarifu wenye hisa kwamba mafundi wake walikuwa wakiandaa aina mpya 19 za vidhibiti. Mwaka huo ilikabidhi magari zaidi ya 936,000, huku viwanda vingi vya magari vikisimamisha kazi kwa kukosa chipu.

Kampuni zilizoorodheshwa Marekani hutaja utegemezi wa muuzaji mmoja katika taarifa ya mwaka, kwenye sehemu ya hatari, ambayo wengi huiruka wakikimbilia gawio.