Kuhamisha mafaili ya ofisi kwenda wingu bila kupoteza hata moja

Ofisi ya upimaji ardhi hujaza diski haraka kuliko wenyewe wanavyodhani. Droni ikiruka juu ya mashamba asubuhi moja hurudi na mamia ya picha, na zikishaunganishwa kuwa ramani moja, faili hilo peke yake hufikia gigabaiti kadhaa. Ongeza michoro ya AutoCAD, hati zilizoskaniwa, barua za halmashauri, na fomu zenye majina na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za wenye viwanja. Miaka kumi ikipita, vyote hivyo vimelundikwa kwenye seva moja iliyo chini ya meza ya mhasibu, na nakala yake pekee iko kwenye diski ya nje ndani ya droo ya meza hiyohiyo. Mwizi mmoja au radi moja inatosha kuchukua vyote viwili.

Nitatumia ofisi ya namna hiyo, yenye data ya takriban terabaiti 2 na intaneti ya kawaida ya ofisi za Dar es Salaam au Dodoma, kuwa mfano. Huduma ya hifadhi ni Amazon S3. Ilianza mwaka 2006, na watoa huduma wengi waliokuja baadaye wameiga namna inavyofanya kazi, hivyo hata ukienda kwingine hatua nyingi zitabaki zilezile. Kufungua nafasi yenyewe huchukua dakika chache. Kazi iko kwenye mambo mawili: yale usiyoweza kuyabadilisha ukishayachagua, na yale unayoamini yamefika kumbe hayajafika.

Kwanza amua kinachohama na kinachobaki. S3 si diski ya mtandao. Huwezi kufungua mchoro wa AutoCAD humo, ukauchora na kuuhifadhi kama ulivyozoea kwenye seva, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu kingine. Kwa ofisi yetu ya mfano, ushauri wangu ni huu: miradi iliyokamilika ihamie wingu moja kwa moja, na miradi inayoendelea ibaki ofisini huku nakala yake ikipelekwa wingu kila usiku.

Safisha kabla ya kupakia

Kila uchafu utakaoupakia utaulipia mara ya kwanza kwa muda wa intaneti, kisha kila mwezi kwa ankara. Pitia folda moja baada ya nyingine. Utakuta picha za droni zilizonakiliwa mara tatu kwa majina tofauti, filamu za mtu aliyeacha kazi zamani, mafaili ya Thumbs.db, na yale yanayoanza kwa alama ~$ ambayo Word huyaacha inapozimika ghafla. Hayo yasisafiri.

Majina nayo yana mtego. Kwa Windows, folda ya Kibaha na folda ya KIBAHA ni kitu kimoja. Kwa S3 ni vitu viwili tofauti, na wafanyakazi wawili wanaweza kujikuta wanaweka kazi ya mradi mmoja sehemu mbili bila kujua. Chagua mtindo mmoja: herufi ndogo, pasipo nafasi, mwaka ukitangulia, kwa mfano 2019-kibaha-visiga. Badilisha majina sasa, mafaili yakiwa bado ofisini, kwa sababu S3 ya kawaida haina kubadilisha jina. Programu zinazoonekana kufanya hivyo hunakili faili upya kwa jina jipya kisha hufuta la zamani.

Wapimaji wana tahadhari moja ya ziada. Ramani ya aina ya shapefile si faili moja. Ni kundi lenye .shp, .shx na .dbf, na mara nyingi .prj inayobeba mfumo wa kuratibu. Anayesafisha akiona .shx asiyoijua akaifuta, ramani inaweza isifunguke. Miradi ya zamani yenye maelfu ya vipande vidogo namna hiyo ifungashe kila mmoja kwenye faili moja la zip. Hutasahau kipande, na upakiaji utaharakika, kwani mafaili laki moja madogo huchukua muda mrefu kuliko faili moja kubwa la uzito uleule.

Kama kuna programu ya uhasibu au kanzidata inayofanya kazi mchana kutwa, usinakili mafaili yake ikiwa imewashwa. Utapata faili linaloonekana zima lakini halifunguki. Toa nakala kwa njia ya programu yenyewe (kwa MySQL ni mysqldump, kwa PostgreSQL ni pg_dump), kisha pakia nakala hiyo.

Hesabu ya intaneti

Pima kasi ya kupakia, si ya kupakua. Vifurushi vingi hutangaza kasi ya kupakua, na ile ya kupakia inaweza kuwa ndogo zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: gigabaiti 1 ni megabiti 8,000. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, gigabaiti 1 huchukua sekunde 400, karibu dakika 7. Terabaiti 2 ni gigabaiti 2,000, kwa hiyo ni sekunde 800,000, yaani zaidi ya siku tisa bila kupumzika hata dakika moja. Ukipakia usiku tu, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 asubuhi, ni siku 17 au 18. Mweleze mwenye ofisi hesabu hiyo kabla hajaahidi wateja kwamba mfumo mpya utakuwa tayari Jumatatu.

Uliza pia kama kifurushi kina ukomo wa matumizi ya haki. Maneno "bila kikomo" kwenye tangazo yanaweza kuwa na kikomo kwenye maandishi madogo.

Kanda, jina na mlango

Uamuzi wa kwanza usiobadilika ni kanda, yaani eneo ambamo data itakaa. AWS, kitengo cha wingu cha Amazon, ilifungua kanda ya Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua ya Johannesburg mwaka 2024. Cape Town iko karibu kuliko Ulaya, lakini hifadhi yake ni ghali kuliko ya Ireland. Na ukaribu huo usikupumbaze: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Nakala ya miradi inayoendelea ibaki ofisini hata kama wingu lipo.

Kisha kuna sheria. Fomu zenye namba za NIDA ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa hizo nje ya Tanzania. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Uganda vilevile. Kabla ya kupakia fomu hata moja, uliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi utaratibu ukoje. Zitenge fomu hizo kwenye folda yake tangu mwanzo, ili suala la sheria lisizuie michoro na picha kuhama.

Jina la baketi (ndivyo S3 inavyoliita tenki la mafaili yako) haliwezi kubadilishwa baadaye, na halipaswi kugongana na la mtu mwingine. Ni herufi ndogo, namba na kistari, kati ya herufi 3 na 63. Usiweke jina la mteja ndani yake, kwa kuwa jina hilo huonekana kwenye anwani za mafaili.

Ukifungua baketi mpya leo, mlango wa umma umefungwa kuanzia mwanzo na kila faili husimbwa lenyewe. Mambo hayo yalifanywa ya kawaida mwaka 2023. Usiyaguse. Ukisoma maelekezo yanayokutaka uondoe kizuizi cha umma ili "mambo yaende", achana nayo.

Washa utunzaji wa matoleo. Faili likiandikwa juu yake au likifutwa, toleo la zamani hubaki, nawe unaweza kulirudisha. Ukishauwasha unaweza kuusimamisha tu, si kuuondoa, na matoleo ya zamani hulipiwa kama mafaili mengine. Kwa hiyo ongeza kanuni mbili za umri: matoleo ya zamani yafutwe baada ya siku 90, na vipande vya upakiaji uliokatikia njiani vifutwe baada ya siku 7. Kanuni ya pili ni ya lazima kwetu sisi tunaokatikiwa umeme. Faili kubwa hupakiwa vipande vipande. Umeme ukikatika katikati, vipande vilivyotangulia hubaki wingu bila kuonekana kwenye orodha ya mafaili, lakini kwenye ankara vimo.

Funguo ni za ofisi

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya kijana wa IT. Akiondoka, ataondoka na akaunti, na kuirudisha ni safari ndefu. Kadi ya malipo nayo iwe ya ofisi na iwe na salio, kwani malipo yakikwama akaunti inaweza kusimamishwa. Akaunti kuu ipewe nywila ndefu na uthibitisho wa pili wa simu, kisha isitumike kwa kazi za kila siku.

Kwa upakiaji, tengeneza mtumiaji wa pekee mwenye ufunguo wake na ruhusa ya kuorodhesha, kuweka na kusoma kwenye baketi hiyo moja. Usimpe ruhusa ya kufuta. Hiyo ndiyo kinga rahisi kuliko zote: kirusi kikiingia kwenye seva na kuiba ufunguo, au mfanyakazi akiandika amri vibaya saa sita usiku, hakuna toleo litakalopotea papo hapo, na una siku 90 za kurudisha yaliyoandikwa juu yake.

Kupakia na kuhakiki

Kuburuta folda kwenye kivinjari kunafaa kwa picha za harusi. Kwa terabaiti 2 tumia rclone, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows na Linux. Ukishaiwekea funguo kwa amri ya rclone config, chini ya jina s3ofisi, weka nywila kwenye faili la mipangilio, kwa sababu bila hiyo funguo hukaa humo wazi kwa yeyote anayelifungua. Kisha:

rclone copy D:\Miradi s3ofisi:jina-la-baketi/miradi --bwlimit "07:30,512k 18:30,off" --log-file hamisho.log --log-level INFO

Mara ya kwanza ongeza --dry-run, nayo itakuonyesha itakachofanya bila kufanya chochote. Sehemu ya --bwlimit hubana kasi saa za kazi na kuiachia jioni. Angalia, 512k hapo ni kilobaiti, sawa na takriban megabiti 4 kwa sekunde. Wengi hudhani ni kilobiti wakabaki wanalalamika kwamba ofisi nzima imekosa intaneti.

Tumia copy, usitumie sync. Amri ya sync hulinganisha pande mbili na kufuta kule kisichokuwepo huku. Ukikosea jina la folda ya kuanzia ukaelekeza kwenye folda tupu, itajaribu kusafisha baketi iwe tupu vilevile. Umeme ukikatika, rudia amri ileile ya copy: yaliyokwishafika yatarukwa, na ni mafaili yaliyokatikia njiani tu yatakayoanza upya. Ndiyo maana faili la gigabaiti 80 liende siku umeme una uhakika, au seva ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima.

Upakiaji ukiisha, kazi haijaisha. Endesha:

rclone check D:\Miradi s3ofisi:jina-la-baketi/miradi --one-way --missing-on-dst hayapo.txt --differ tofauti.txt

Amri hii hailinganishi majina tu, hulinganisha pia alama ya hesabu ya kila faili. Mafaili mawili ya orodha yatakayotoka yawe matupu. Yasipokuwa matupu, soma hamisho.log. Sababu huwa ya kawaida: faili lilikuwa wazi kwa mtu, au mtumiaji wa seva hana ruhusa ya kulisoma.

Kuhusu pesa, kwa bei ya Ireland iliyodumu miaka mingi, senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, terabaiti 2 ni karibu dola 46 kila mwezi. Kuingiza data ni bure. Kuitoa ni senti 9 kwa gigabaiti baada ya gigabaiti 100 za kwanza za mwezi, kwa hiyo kurudisha zote kwa mkupuo ni kama dola 170. Madaraja ya bei nafuu kama Glacier yapo na yanafaa kwa miradi ya zamani, lakini yana muda wa chini wa kulipia, siku 90 au 180 kutegemea daraja, na Deep Archive hukusubirisha saa nyingi kabla hujapata faili. Acha kila kitu kwenye daraja la kawaida mpaka uhakiki ukamilike, halafu ndipo ushushe. Weka pia tahadhari ya bajeti ikutumie barua pepe ankara ikivuka kiasi ulichopanga.

Seva ya zamani isizimwe siku hiyo. Hamishia miradi inayoendelea kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, kisha ifanye seva hiyo ya kusoma tu na uiache miezi miwili. Katika muda huo, mwambie mfanyakazi ambaye hakushiriki kuhamisha achague mradi mmoja wa zamani, aurudishe kutoka wingu kwenye kompyuta isiyo na uhusiano na seva, aufungue kwenye AutoCAD au QGIS mbele ya mwenye ofisi. Akishindwa, tafuta sababu na urudie uhakiki. Akiweza, futa ufunguo uliotumika kupakia miradi ya zamani, weka mpya kwa ajili ya nakala za kila usiku, kisha chomoa seva.