Mwanao Akikamatwa, Usimwachie Polisi Peke Yao

Kijana wa miaka 15 wa Tarakea anakamatwa kwenye njia ya panya ya kuelekea Loitokitok akiwa na mzigo wa magendo, au anatuhumiwa kuiba simu siku ya soko. Baba yuko Moshi kikazi, mama yuko shambani. Ndugu wengine husema, "Mwacheni alale ndani, atashika adabu." Kauli hiyo ina gharama. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, imeipa familia nafasi kuanzia kituo cha polisi hadi baada ya uamuzi wa mahakama, na nafasi hiyo ikiachwa wazi anayeumia ni mtoto.

Mtoto ni nani?
Ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai. Aliyetimiza 10 lakini hajafika 12 hawajibiki pia, isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa hakupaswa kutenda jambo lile. Kwa hiyo kitu cha kwanza kubeba ni ushahidi wa umri: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule. Kijana mrefu aliyeanza kuota ndevu anaweza kukadiriwa kuwa na miaka 19 na kuhesabiwa mtu mzima.

Nina haki gani kituoni?
Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayepeleleza ahakikishe mzazi au mlezi anaarifiwa mara moja kwamba mtoto anashikiliwa, na kwa kosa gani. Ukifika, uliza tuhuma ni ipi, mtoto amewekwa wapi na ameandikiwa umri gani. Hatakiwi kuchanganywa na watuhumiwa watu wazima. Ulizia pia Dawati la Jinsia na Watoto.

Kama mtoto hawezi kufikishwa Mahakama ya Watoto mara moja, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana. Anaweza kukataa iwapo tuhuma ni ya mauaji au ya kosa lenye adhabu ya kifungo kinachozidi miaka 7, iwapo mtoto anahitaji kutengwa na watu wabaya, au iwapo kumwachia kutakwamisha haki. Ukikataliwa, uliza kwa heshima ni sababu ipi kati ya hizo. Dhamana ya polisi hailipiwi. Tena si lazima asubiriwe baba: sheria inamtambua pia ndugu, kwa hiyo babu, shangazi au baba mdogo anaweza kujitokeza.

Mahakamani je?
Mahakama ya Watoto husikiliza shauri faragha, bila makeke ya mahakama za kawaida. Afisa ustawi wa jamii anatakiwa kuwepo, na vilevile mzazi, mlezi au ndugu. Mtoto ana haki ya kuwa na wakili, kujieleza, na kuelezwa haki yake ya kukata rufaa. Hairuhusiwi kutangaza habari zitakazomtambulisha, hivyo picha yake isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kama inavyoweza kutokea kwenye magendo, utaratibu wa kumsikiliza unaweza kubadilika. Mweleze wakili mapema.

Hakimu akinyima dhamana, mtoto anaweza kupelekwa Mahabusu ya Watoto mjini Moshi. Ni safari ndefu kupitia Mkuu, Mwika na Himo, lakini mtembeleeni.

Familia ina nguvu wapi zaidi?
Kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Kabla ya kuamua la kufanya na mtoto aliyepatikana na hatia, mahakama huhitaji kujua mwenendo wake, hali ya nyumbani, rekodi ya shule na afya yake. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeiandika, na habari nyingi anazipata kwenu. Familia ikijificha kwa aibu, hakimu atasoma kwamba mtoto hana wa kumsimamia. Semeni ukweli, hata ule unaouma: ameacha shule, baba anakunywa, anafuatana na wapakiaji wakubwa. Kisha semeni mpango wenu: ataishi kwa nani, atarudi shule lini, mlalamikaji atarudishiwa nini. Lakini jueni kwamba kumalizana na mlalamikaji nyumbani hakufuti kesi iliyokwisha funguliwa. Mwelezeni afisa makubaliano hayo ili ayaandike.

Kifungu cha 119 cha sheria hiyo, kama ilivyopitishwa 2009, kinakataza kumhukumu mtoto kifungo. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mtu anayefaa, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Mzazi naye anaweza kuamriwa kulipa faini au fidia.

Huduma ikiwa mbovu?
Msinyamaze. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua magereza na mahabusu, ikakuta watoto wakishikiliwa pamoja na watu wazima. Malalamiko yenu yapelekeni kwenye Tume hiyo, kwa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji au kata. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mjini Moshi lipo pia shirika la KWIECO linalotoa msaada huo.

Desemba, ukoo ukikutana nyumbani, amueni mapema: vyeti vya watoto vinakaa kwa nani, na likitokea jambo nani atatangulia kituoni.