Noti za Porini

Kabla ya Vita Kuu ya 1914, Wajeremani walipotawala Tanganyika, sarafu za nchi zilikuwa rupia na hela, nazo zililetwa kwa meli kutoka Ulaya. Vita vilipoanza, manowari za Waingereza zikaziba njia ya bahari. Rupia za fedha zikaadimika, maana watu walizificha.

Basi mwaka wa 1915 noti zikaanza kupigwa chapa Dar es Salaam. Karatasi njema ilipokwisha, ikatumika ya namna yoyote, hata ya kufungia bidhaa. Mwaka wa 1917, jeshi likiwa porini upande wa kusini, noti zilipigwa kwa herufi ndogo za mpira, kama zile wanazochezea watoto!

Je, mkulima aliyeuza mtama wake kwa karatasi hiyo alipokea nini? Rupia ya fedha, hata ikiyeyushwa, ni fedha. Lakini noti ni ahadi tu, nayo yamtegemea aliyeahidi. Tarehe 25 Novemba 1918 jeshi lile liliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, katika Zambia. Serikali iliyoahidi haikuwako tena, na karatasi zikabaki mikononi mwa watu.