SOMO LA WIKI: Chavua ya kale yaonyesha mafuta yalipo

Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limepangiwa njia inayokatiza wilaya ya Biharamulo. Wafanyabiashara wa huko na wa jirani, Ngara, huuliza: kama mafuta yanapita hapa, mbona hayachimbwi hapa?

Mafuta hukaa katika vitundu vya mwamba wa mchanga, kama maji katika sifongo. Tatizo ni kuwa mchanga wa kisima kimoja hufanana na wa kingine. Hapo ndipo chavua, yaani unga wa maua, hutumika. Vipande vya mwamba vilivyopandishwa na tope la kuchorongea huyeyushwa kwa tindikali kali. Jiwe huisha, ganda la chavua hubaki. Kwa kuwa kila zama ilikuwa na mimea yake, chavua huwa kama mhuri wa tarehe. Visima viwili vyenye mhuri mmoja vimekata tabaka la umri mmoja. Tofauti ya kina huonyesha tabaka linapoinama au lilipokatika, na hivyo mahali mafuta yanapoweza kunaswa.

Planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, huongeza ushahidi. Katika bonde la Ziwa Albert, ambako mafuta ya kibiashara yaligunduliwa mwaka 2006, mwani wa maji baridi hutofautisha matope ya ziwa na mchanga wa mto. Pwani ya Tanzania, ambako gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, hutazamwa planktoni wa baharini.

Ngara na Biharamulo hali ni nyingine. Mawe yenye nikeli ya Kabanga na dhahabu ya Tulawaka yana umri wa zaidi ya miaka milioni 1,000, wakati mimea yenye chavua haijafikisha miaka milioni 400. Mawe hayo pia yalipikwa na joto kali. Hayana mhuri wa kusomwa.

Kwa hiyo anayeshawishiwa kununua shamba au hisa kwa madai ya mafuta chini ya ardhi aulize mambo matatu: kisima kiko wapi, mawe yana umri gani, na maabara ilisema nini. Biashara ya bomba ni usafirishaji, chakula na malazi, na kazi za ujenzi zina mwisho. Mafuta yenyewe Biharamulo ni mpita njia.