Hesabu za Foleni: Jinsi Bustani za Burudani Zinavyopima Muda wa Kungoja

Foleni ni jambo linalojulikana na kila mtu, lakini ni wachache wanaotambua kwamba yaweza kupimwa na kupangwa kwa hesabu, kama yapimwavyo maji yapitayo katika bomba. Elimu hii ilianzia katika simu. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen, alichapa makala yake juu ya miito ya simu ambayo huingia bila utaratibu. Leo elimu hiyo hutumika katika bustani kubwa za burudani, kama vile Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1955 huko California, na Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1971 huko Florida, nchini Marekani. Katika makala haya tutaeleza jinsi muda wa kungoja unavyopimwa, na kwa nini ni vigumu kuupunguza.

Kanuni ya msingi

Mwaka 1961 John D. C. Little wa Marekani alichapa uthibitisho wa kanuni ambayo sasa huitwa kwa jina lake. Kwa wastani, idadi ya watu walio katika foleni (N) ni sawa na kasi ya watu kupita (K) mara muda ambao kila mmoja hungoja (M):

N = K × M, yaani M = N ÷ K

Hebu tuchukue mfano. Treni ndogo ya burudani, ipandayo na kuteremka kwa kasi juu ya reli, ina viti 24, na treni moja huondoka kila baada ya sekunde 72. Kwa saa moja huondoka treni 50, nazo huchukua watu 1,200, yaani watu 20 kwa dakika. Ikiwa foleni ina watu 600, atakayejiunga nayo sasa atangoja dakika 600 ÷ 20 = 30.

Sasa tuseme kila treni huondoka na viti 4 vitupu. Kasi hushuka hadi watu 1,000 kwa saa, na foleni ile ile huchukua dakika 36. Ndiyo sababu mfanyakazi aliye mlangoni huuliza kila kundi, “Mko wangapi?” Ndiyo sababu pia baadhi ya mashine zina mstari wa pekee kwa watu waliokuja peke yao, ili wajaze viti vilivyobaki. Jambo la kuzingatia ni hili: urefu wa foleni peke yake hautuambii muda wa kungoja, ni lazima tujue na kasi yake.

Kupima

Njia moja iliyotumika kwa miaka mingi ni kumpa mgeni kadi mlangoni mwa foleni, naye huirudisha anapofika kwenye mashine. Tofauti ya saa mbili zilizorekodiwa ndiyo muda aliongoja. Njia hii ni sahihi, lakini ina upungufu: kadi iliyorudi baada ya dakika 40 yaeleza hali ya mtu aliyeingia dakika 40 zilizopita, wala si ya yule anayeingia sasa. Kwa hiyo wasimamizi huhesabu pia watu waliomo na viti vinavyoondoka, kisha hukadiria kwa kanuni tuliyoitaja. Mara nyingi muda unaoandikwa kwenye ubao huzidishwa kidogo, kwani aliyeambiwa dakika 40 akangoja 35 huondoka ameridhika, ilhali aliyeambiwa 30 akangoja 35 hunung’unika.

Nani hungoja kwa niaba ya nani?

Mwaka 1999 Disney ilianzisha utaratibu uitwao FastPass: mgeni alichukua tikiti yenye saa ya kurudi, bila malipo, akapita katika njia fupi. Mwaka 2021 mahali pake pakachukuliwa na utaratibu wa kulipia.

Je, utaratibu wa namna hii huongeza viti? La. Turudi kwenye mfano wetu. Ikiwa kati ya viti 1,200 vya kila saa, viti 800 wamepewa wenye njia fupi, foleni ya kawaida hubakiwa na viti 400. Watu wale wale 600 sasa watangoja dakika 90 badala ya 30. Muda aliookoa mmoja umebebwa na mwingine. Hesabu yatuonyesha ukweli huo waziwazi. Lakini kama ni haki kuuza nafasi ya mbele, hilo ni swali la jamii nzima, wala haliwezi kujibiwa kwa kugawanya na kuzidisha tu.

Zoezi

Wanafunzi na wajaribu kanuni hii katika foleni ya chakula shuleni.

1. Hesabuni watu waliopangwa katika foleni.
2. Hesabuni wanaohudumiwa kwa dakika 5, kisha tafuteni kasi kwa dakika moja.
3. Kadirieni muda atakaongoja mtu wa mwisho.
4. Mpeni mtu huyo karatasi yenye saa aliyojiunga, mkaandike saa aliyohudumiwa.

Linganisheni makadirio na kipimo. Zikitofautiana sana, chunguzeni sababu: je, kasi ilibadilika, au kuna waliopenya mbele?