Rangi ya Chuma cha Moto

Watu wengi wa Ifakara wamemwona mhunzi akifua mundu wa kuvunia mpunga. Chuma hutiwa katika makaa, mivukuto ikavukutwa. Kwanza hupata moto pasipo kubadili rangi. Kifikapo nyuzi 700 za sentigredi hivi huwa chekundu; kikizidi huwa cha rangi ya chungwa, halafu cha manjano, na mwisho hukaribia weupe. Kwa nini kianze na wekundu, wala si urujuani?

Swali hili laonekana dogo, lakini hapo ndipo elimu mbili kubwa za fizikia zilipokutana. Ya kwanza ni elimu ya joto, yaani thamodinamiki, iliyokua katika karne ya 19 pamoja na injini za mvuke. Ya pili ni mekanika ya kwanta, inayohusu atomu na mwanga.

Wataalamu wa zamani walidhani ya kuwa kitu cha moto chaweza kutoa nishati kwa kiasi chochote, hata kidogo mno, katika kila rangi. Walipopiga hesabu kwa wazo hilo walipata jibu la ajabu: hata sufuria ya uji ingemwaga miali ya urujuani, na ile ipitayo urujuani, pasipo kikomo. Hakuna mpishi ambaye angekaa jikoni!

Max Planck, Mjerumani aliyebobea katika elimu ya joto, ndiye aliyelifumbua fumbo hili. Tarehe 14 Desemba 1900, mjini Berlin, alieleza kwamba nishati hutolewa kwa mafungu tu, yaitwayo kwanta. Fungu la mwanga wa urujuani ni kubwa, karibu mara mbili ya fungu la mwanga mwekundu.

Tufananishe na soko la mchele. Muuzaji mmoja huuza kwa kibaba, mwingine kwa gunia zima tu. Mwenye shilingi chache atapata kibaba. Kwa yule wa magunia hapati hata punje. Joto ndilo fedha ya atomu. Katika nyuzi 700, fedha hiyo hununua hasa mafungu madogo ya miali isiyoonekana, ile tunayoihisi kuwa ni joto. Mafungu ya wekundu hupatikana machache, na ya urujuani ni adimu kabisa. Moto ukizidi, fedha nayo huzidi, na rangi nyingine huingia. Uso wa jua una nyuzi kama 5,500. Kwa hiyo hutoa rangi zote pamoja, nasi twaona weupe.

Je, elimu mpya imeifuta ya zamani? La. Planck aliifikia kwanta kwa kutumia entropi, kipimo cha elimu ya joto. Ludwig Boltzmann alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba entropi hutokana na kuhesabu njia ambazo nishati yaweza kugawanywa kati ya atomu. Lakini kisicho na mafungu hakihesabiki. Basi elimu ya joto hueleza jinsi mgawo unavyofanyika, na kwanta hueleza ukubwa wa kila fungu.

Wanafunzi wenzangu, tusiziweke elimu hizi katika madaftari mawili yasiyojuana. Leo viwandani kuna vyombo vinavyopima joto la tanuri kwa kuutazama mwanga wake tu, kwa kanuni hiyo ya Planck. Mhunzi naye, atazamapo rangi kabla ya kuinua nyundo, hufanya kazi iyo hiyo kwa macho yake.